Mashine Iliyosalimiwa na Mama

Ng'ombe jike akihitaji dume hangoji ofisi ifunguliwe. Anaanza alfajiri, analia kama aliyefiwa, anakataa majani, anawapanda wenzake, na giza likiingia siku hiyo hiyo jambo limekwisha. Ukilikosa, unangoja wiki tatu ndipo lirudi. Kwetu, upande wa Bomet ambako chai inaanza kupungua na malisho yanaanza kutanuka kuelekea Sigor, kila mama mwenye boma aliijua hesabu hiyo kuliko sikukuu za kanisa.

Miaka ya tisini watu wengi walikuwa wameacha kufuga madume. Dume anakula sana, anavunja ua, anagombanisha majirani. Tulimtegemea mtu wa chama chetu cha ushirika wa maziwa, tuliyemwita daktari ingawa kazi yake ilikuwa moja tu, kupandisha ng'ombe kwa mrija. Alipita kwa pikipiki, nyuma amefunga mtungi wa chuma, na ndani ya mtungi mlikuwa na mbegu za madume ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwaona, zikihifadhiwa katika baridi iliyofuka moshi kila mfuniko ulipoinuliwa. Kando ya barabara kulikuwa na vizimba vya miti. Ulimleta ng'ombe wako, ukamsimamisha humo, ukangoja. Kama daktari hakuwa na habari zako, alishika njia nyingine nawe ukarudi nyumbani na ng'ombe anayelia.

Mama yangu alikuwa na ng'ombe mmoja tu, mwekundu, wa makamo, mwenye pembe moja iliyovunjika. Bibi yangu alimpa mama ndama jike alipoolewa, na huyu mwekundu alikuwa kitukuu cha ndama yule. Wenzake wote walikwisha kwa ndigana, homa ya kupe, mwaka mmoja mbaya. Ng'ombe kwetu ana ukoo, na ukoo wa ng'ombe hupita kwa majike. Mama alipomkamua asubuhi alizungumza naye kwa sauti ambayo sisi watoto hatukuwahi kuisikia ikielekezwa kwetu, nami nasema hivyo bila wivu, au kwa wivu kidogo tu.

Mwekundu alikuwa amepandishwa mara mbili na mara mbili hakushika mimba. Mjomba wangu, ndugu yake mama, alisema wazi kwamba mnyama huyo auzwe kwa mchinjaji angali na nyama. Mama alibishana naye jioni nzima, kisha akakubali jambo moja: wangejaribu mara moja zaidi, na ikishindikana, mjomba amchukue. Baada ya hapo sikumsikia mama akitaja habari hiyo tena, ila alikuwa akimtazama yule ng'ombe muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Wakati huo mimi nilikuwa nimerudi kutoka Nairobi na cheti cha kompyuta, kiburi cha kutosha, na kazi hapana. Mwenyekiti wa chama akaniita. Watu wa mradi fulani walikuwa wamefunga virago vyao na kukiachia chama kompyuta mbili, na hizo mbili hazikuwa hata ndugu. Moja ilikuwa ya kawaida, ile unayoikuta katika kila ofisi. Nyingine iliendeshwa kwa mfumo tofauti kabisa, wa kuandika amri kwenye kioo cheusi, na programu iliyofanya kazi huku ilikataa katakata kufanya kazi kule. Mwenyekiti alisema nimesoma vya kutosha, sasa nizifanye zipandishe ng'ombe. Alikuwa anatania, lakini mimi nililishika neno lake.

Nilitaka kitu rahisi. Mkulima afike dirishani, karani aandike namba yake ya uanachama kwenye kompyuta ya mbele, na daktari, aliyekuwa na kijichumba chake nyuma karibu na mapipa ya maziwa, aone kwenye kompyuta yake ni nani wanaomngoja na wako barabara gani. Nilikuwa na diski iliyokuja na gazeti la kompyuta, niliyoinunua kando ya barabara Nairobi. Ndani yake mlikuwa na lugha ya Java na vifaa vya kuandikia programu zinazokaa ndani ya seva na kutoa kurasa kama zile za mtandao wa dunia. Mtandao wa dunia wenyewe hatukuwa nao. Simu ya ofisi ilikuwa ikikatika hata ukimpigia mtu wa Kericho. Lakini gazeti lilisema huhitaji dunia. Waya mmoja kati ya vyumba viwili unatosha.

Kuiweka Java kwenye ile mashine ya kawaida kulinitoa jasho. Ilibidi uiambie kila kitu kiko wapi, na ukikosea herufi moja inakujibu kwamba haikioni, na kitu kiko mbele ya pua yake, kama mume aliyetumwa chumvi katika jiko la nyumba yake mwenyewe. Nilikuwa nikiitukana kwa Kipsigis ili karani asikie na kwa Kiingereza ili mashine isikie. Halafu siku moja, mchana, chai ya saa nne imekwisha poa, seva ikawaka. Nikafungua brauza, nikaandika anwani, na neno moja likatokea kwenye kioo, kubwa, jeusi: Chamgei. Ndiyo salamu yetu. Chini yake palikuwa na saa.

Nikaomba ukurasa ule mara ya pili. Saa ilikuwa imebadilika.

Sijui kama nitaweza kueleza kilichonipata. Nilikwenda kuutafuta ukurasa ule ndani ya mashine. Nilifungua kila folda. Haukuwepo. Kilichokuwepo ni programu yangu ndogo, imekaa kimya, inasikiliza mlangoni. Anapobisha mtu, inamtengenezea ukurasa wake papo hapo, inamkabidhi, kisha inausahau. Kabla hujaomba, hakuna kitu. Ukiomba, kipo. Mimi ni mtoto wa mkulima; nimezoea kwamba kitu hutoka mahali, maziwa kwenye kiwele, chai kwenye kichaka. Nilikaa kwenye kile kiti cha ofisi. Niliogopa, nasema kweli, na nilifurahi vile vile, na sikuweza kuzitenganisha hisia hizo mbili.

Karani alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu mrefu, mwangalifu, mwenye koti la kijivu la mvua na jua. Kwa miaka mingi ndiye aliyewaandikia barua watu wengi wa pale sokoni, kwa wana wao walioko mashamba makubwa ya Kericho na wale walioko jeshini. Nilimweleza nilichokiona. Akauliza ukurasa ule uko wapi sasa hivi, wakati hakuna anayeuomba. Nikamwambia hauko popote. Akavua miwani, akasema basi ni vizuri tuwe na heshima tunapouomba. Nilicheka. Ningejua, nisingecheka.

Kisha nikafanya jambo ambalo gazeti liliahidi nami sikuamini. Nilichukua faili lile lile, lililokwisha kugeuzwa programu kwenye mashine ya mbele, nikalitia kwenye diski, nikalipeleka kwenye ile mashine ya kioo cheusi iliyokuwa ikikataa kila kitu, baada ya kuiwekea Java yake. Sikubadilisha hata nukta. Likafanya kazi. Chamgei, ikasema, kana kwamba imezaliwa pale. Mashine mbili zisizoelewana zilikuwa zimepata lugha moja, kama sisi na jirani zetu waliotoka milima ya magharibi tunavyokutana kwa Kiswahili dukani. Nikatoka nje nikatembea mpaka kwenye mapipa ya maziwa na kurudi, kwa sababu kukaa kulikuwa hakuwezekani.

Seva tuliiweka nyuma kwa daktari, karani akabaki na brauza mbele, na tukaanza kazi. Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu.

Alikuja mzee mmoja aliyetoka mbali huko chini kwa miguu. Alisalimu, akauliza habari za mvua, akatoa pole kwa msiba wa mtu, kisha akasema haja yake. Karani akaandika. Badala ya ukurasa wangu mzuri, kioo kikajaa mistari ya Kiingereza kutoka juu hadi chini. Nikainama nikaangalia kisanduku cha namba. Karani alikuwa ameandika yote: salamu, mvua, pole, na mwisho kabisa, namba. Programu yangu ilitarajia tarakimu peke yake. Ilipokutana na Chamgei ilianguka chali.

Nilimweleza kwa upole kwamba aandike namba tu, ila sikumweleza mistari ile ya Kiingereza ilikuwa na maana gani. Mkulima wa pili akaja, karani akafanya vile vile. Sasa upole ulikuwa umepungua. Nilimwambia mashine haina masikio ya salamu.

"Mtu ametoka mbali na miguu," akanijibu polepole. "Mimi nimuandike namba peke yake, kama mfungwa?"

Kwake, ombi lisilo na salamu lilikuwa tusi, na angekuwa yeye ndiye aliyelituma tusi hilo kwa mkono wake. Tulibishana mpaka mwenyekiti akaingilia. Karani akakubali, kwa shingo upande, na nilipokuwa nimesimama karibu aliandika namba peke yake huku uso wake ukiwa wa mtu anayefanya jambo la fedheha. Nilijua mimi ndiye niliyekuwa na haki. Vitabu vyote vya kompyuta vilikuwa upande wangu.

Asiyekuwepo na lake halipo. Mwezi wa tatu, mvua zikianza, waya wetu ulipata kasoro kwenye kiungo cha mwisho nami nikashika njia alfajiri kwenda Kericho kutafuta kipande kingine. Wakati mimi nikiwa barabarani, Mwekundu alianza kulia. Mama aliacha kikapu chake cha chai shambani, akaenda kwa haraka mpaka ofisini, akasimama dirishani.

Niliporudi, jua likiwa limeanza kuinama, karani alinipokea kwa furaha. Alisema mama yangu alikuwa amekuja, na kwamba mashine ilimheshimu sana. Ilikuwa imekubali kwa Kiingereza kirefu. Naye amemwambia mama aende na ng'ombe kizimbani, daktari anakuja.

Nilikwenda nyuma. Kwenye ukurasa wa daktari, barabara yetu ilikuwa tupu, hakuna aliyengoja. Yeye mwenyewe alikuwa ameondoka asubuhi kuelekea Sigor. Nikafungua lile dirisha jeusi ambamo seva hueleza makosa yake. Java ikikwama kwa sababu umeipa maneno mahali pa namba, inakuambia kosa ni lipi, halafu inakutajia maneno yenyewe yaliyoikwamisha. Sikuwa nimewahi kulifikiria jambo hilo zaidi ya kulilaani. Sasa nililisoma. Karani alikuwa ametafsiri kwa Kiswahili, maana aliamini mashine ya ofisi husema lugha ya ofisi, lakini sauti ilikuwa ya mama:

"Chamgei. Mimi ni mama ya huyo msichana alikutengeneza. Kwetu tuko wazima na chai imeanza kutoka. Ng'ombe yangu iko kwa heat tangu alfajiri. Ni ya mama yangu na ndiyo ya mwisho. Mimi sijui kukuomba vizuri, lakini nakuomba."

Namba ilifuata baada ya hapo, sahihi kabisa.

Nilisimama nikaisoma tena na tena. Mama yangu hakuwahi kumwomba mjomba hivyo. Hakuwahi kuniomba mimi. Alikuwa amekuja mbele ya kitu asichokijua, akakisalimu, akajitambulisha, akakipa neno lake la ndani kabisa, na kile kitu kikaanguka, lakini kabla ya kuanguka kikalishika neno lake lote bila kupoteza hata nukta. Nilijiona mdogo sana mbele ya vyote viwili, mama na mashine.

Nikaandika namba yake kwa mkono wangu, ukurasa ukajaa inavyopaswa, nikatoka nikasimama barabarani kama mwendawazimu. Daktari alirudi mvua ikiwa imeshika. Alikuwa ameloa, amechoka, matope mpaka magotini. Nilimwambia kuna ng'ombe mmoja amebaki. Akatazama ukurasa, akasema barabara ile ni tope tupu saa hizi, atapita huko asubuhi kabla ya wengine wote. Nilijua asubuhi itakuwa kazi bure. Sikubishana naye. Nilimvuta mkono nikamwonyesha dirisha jeusi.

Alisoma akiwa amesimama, maji yakimdondoka kwenye sakafu. Alipofika mwisho aliinama, akaokota koti lake la mvua, akalivaa tena.

"Shika mtungi," akaniambia. "Mimi nitashika barabara."

Nilipanda nyuma yake na mtungi nikaukumbatia. Njiani, kwa sauti ya kushindana na mvua, alinieleza jambo ambalo sikulijua. Ng'ombe aliyeanza alfajiri hapandishwi alfajiri. Saa yake hasa ni jioni. Zile mara mbili za kwanza alimfikia Mwekundu asubuhi na mapema kwa sababu njia yake hupita kwetu asubuhi, na huenda alikuwa amewahi mno. Kifuani mwangu kulikuwa na baridi ya chuma, na ndani ya chuma kile kulikuwa na uzao wa dume fulani wa nchi sijui gani, umelala, haujui kama utaitwa. Nikafikiri, mimi niliyejiona nimeshangaa vya kutosha mwaka ule, kwamba nilikuwa sijaanza hata.

Mama tulimkuta kizimbani. Alikuwa amevua ile plastiki nzito wanayojifunga wachuma chai wakati wa mvua, amemfunika nayo ng'ombe mgongoni, na yeye mwenyewe ameloa chepechepe. Nilitaka kumwomba radhi kwa kungojeshwa kutwa nzima. Hakunipa nafasi. Alisema karani alimwambia mashine imekubali, kwa hiyo hakuwa na wasiwasi. Daktari akavaa glavu yake ndefu, akafungua mtungi, moshi ukatambaa juu ya mikono yake, na kazi ikaisha kwa muda mfupi kuliko wa kusali Baba Yetu. Mama hakuuliza kwa nini mimi nilikuwa nalia kwenye mvua. Labda hakuona.

Kesho yake niliiandika upya programu. Niliifundisha kuitafuta namba popote ilipo katika maneno, mbele au nyuma ya salamu, na kuyahifadhi maneno mengine yote ili daktari ayasome. Nikaifundisha pia kujibu salamu kabla ya jambo lolote. Karani alipoandika Chamgei na kuona kioo kikimrudishia Chamgei mising, ndilo jibu la salamu yetu, aliinuka kitini. Aliwaita wakulima waliokuwa dirishani waje ndani waone, wakaja, wakasimama na kofia mikononi, na chumba kikawa kimya kama kanisani kabla ya wimbo wa kwanza. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemzuia kuandika. Na pamoja na salamu zikaanza kuja habari ambazo hakuna kisanduku changu kilichowahi kuziuliza: daraja limebebwa, pitia juu, ng'ombe ni mkali, njoo na kamba, mume wangu yuko hospitali, usipige honi. Daktari alianza kuzisoma zote kabla ya kuwasha pikipiki.

Wiki tatu zilipofika, nilienda nyumbani kulala. Asubuhi mama nami tulisimama kwenye mlango wa boma bila kuambizana kwa nini. Mwekundu alikuwa anacheua. Tukangoja mpaka ukungu ukatoka kwenye chai. Hakulia. Siku iliyofuata pia hakulia. Mama aliingia kumkamua, na hatukulitamka jambo hilo, kwa kuwa jambo la namna hiyo halitamkwi mapema.

Mwekundu alizaa mwezi wa kumi na mbili, Jumapili, sisi tukitoka ibadani. Mjomba alikuwa amefuatana nasi. Ndama alikuwa chini kwenye tope, mwekundu kama mama yake, anahangaika kusimama. Sisi wengine tulikuwa tunashangilia kwamba yu hai, tukasahau swali lenyewe. Mama hakusahau. Alipita katikati yetu akiwa na gauni lake la kanisani, akapiga magoti, akamfuta ndama pua kwa kitambaa cha kichwa, kisha akainua ule mkia mdogo akatazama.

"Ni jike," akasema.

Halafu akaketi pale pale kwenye tope, akamvutia yule ndama mapajani, akalia, mama yangu ambaye hakulia hata siku tulipomzika bibi, na mjomba akavua kofia yake akaishika kifuani.